Shida za retina: tupeane uzoefu, haswa watu wa Malindi na Lamu

BintiMalindi
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nafungua uzi huu manake huku kwetu mzee yeyote akianza kuona vibaya jibu ni moja tu, ni mtoto wa jicho, subiri ukomae, kambi ya macho ikija atafanyiwa. Mamangu aliambiwa hivo na majirani mpaka na muuza miwani, kumbe lensi yake iko sawa na shida iko nyuma kabisa kwenye retina, ule utando mwembamba unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Sukari anayo miaka mingi, vimishipa vya huko nyuma vikaanza kuvuja, pale katikati pakavimba, akawa anaona mistari ya msahafu imepinda. Miwani haitibu hiyo, utabadilisha namba mpaka uchoke. Sai anadungwa sindano Mombasa na mistari imeanza kunyooka, ila daktari alituambia mapema, kazi kubwa ya hizi dawa ni kulinda kilichobaki, sehemu iliyokufa hairudi. Ndio maana hiyo habari ya kusubiri kambi inaniudhi sana. Waliopitia semeni, leza, sindano, upasuaji, chochote.

MvuviShela
Mimi sina sukari. Macho yangu ni ya kutoona mbali, miwani minene tangu chuoni. Jioni moja natengeneza nyavu nikaona vimulimuli pembeni ya jicho, halafu vidoa vyeusi vingi vinaelea, nikifuta jicho haviondoki. Asubuhi kivuli kikawa kinapanda kutoka upande wa puani. Na jicho haliumi hata kidogo, ndio balaa lenyewe, ningekuwa naumwa ningekimbia usiku ule ule. Aliyenimulika akasema retina imebanduka lakini katikati bado imeshika, usilale Lamu leo. Nikavuka Mokowe nikapanda basi.

Operesheni yenyewe si kitu, wanatoa ule ute wa ndani ya jicho, wanailaza retina mahali pake, wanaziba tundu kwa leza halafu wanajaza gesi ya kuigandamiza mpaka ishike. Kazi iko baadaye. Unakaa umeinamisha uso mchana na usiku, chakula unakula umeinama, wageni wakija kukupa pole unawajua kwa viatu vyao. Gesi ikianza kupungua unaona mstari unatikisika mbele ya jicho kama pimamaji ya fundi, juu yake unaona, chini yake ukungu, na kila siku unashuka kidogo mpaka kinabaki kiputo kimoja kinachozunguka zunguka halafu kinapotea. Ami yangu alitaka kunikatia tiketi ya ndege nirudi kupitia Manda, daktari akakataa katakata, ukiwa juu gesi inapanuka, presha ndani ya jicho inapanda na unaweza kupofuka. Nikarudi kwa basi, mashimo yote ya barabarani nayajua sasa. Wengine huwekwa mafuta ya silikoni badala ya gesi, hayo ndege ruhusa ila baadaye lazima urudi yatolewe.

TuktukMsabaha
Pole sana kaka. Mimi nilipigwa leza macho yote mawili, sukari pia. Unakaa kwenye kiti kidevu umekiweka pale, wanaweka kilensi juu ya jicho halafu mwanga wa kijani pa pa pa pa. Mengine huyasikii, mengine yanachoma mpaka nyuma ya kichwa. Wanaunguza pembeni ili ile mishipa mipya mibovu isiendelee kuota, manake hiyo ikipasuka damu inajaa jichoni. Sasa ukweli ambao mimi ningependa kuambiwa kabla, usiku sioni vizuri kama zamani na pembeni pamepungua. Tuktuk naendesha mchana tu, magharibi nikiisikia nampa mdogo wangu funguo. Mapato yamepungua lakini nasoma meseji zangu mwenyewe.

Kauthar_
Subhanallah, sindano NDANI ya jicho? Dada BintiMalindi hebu eleza, babangu ameandikiwa na ameapa haendi

BintiMalindi
Mwambie shikamoo na asiogope, kuingoja ni kubaya kuliko sindano yenyewe. Wanatia matone ya ganzi, wanaosha na ayodini (hiyo ndo inawasha haswa), wanaweka kidude cha kuzuia kope zisifunge, anaambiwa aangalie upande, anasikia kama anasukumwa, kwisha. Sindano inaingia kwenye ile nyeupe sio kwenye mboni. Siku hiyo anaweza kuona viduara vyeusi vinaelea, ni hewa tu. Lakini akipata maumivu yanayozidi, jicho jekundu na kuona kukishuka siku zinazofuata, arudi hapo hapo asingoje miadi, inaweza kuwa vijidudu vimeingia. Kuhusu dawa, mama anapata Avastin. Ilitengenezwa kwa saratani ya utumbo, Marekani waliipitisha 2004, na kwa sababu chupa moja inagawanywa sindano ndogo ndogo bei yake inakuwa chini sana kuliko dawa zingine za sindano hizi, Eylea au Lucentis. Mwanzo ni kila mwezi, halafu wanaachanisha kulingana na picha ya retina. Ulizeni bima italipa nini kabla ya kusafiri.

MtuWaSiyu
Yetu ni tofauti, ya ukoo. Nyumbani ndugu watatu tulianza kutoona usiku tangu utotoni, halafu pembeni pakaanza kufunga kidogo kidogo, sai naona kijishimo cha katikati. Wazazi wetu ni mtu na binamuye, na daktari wa macho alisema aina nyingi za ugonjwa huu hutokea hivo, mtoto akipokea kasoro ile ile pande zote mbili. Dawa ya kutibu kasoro ya kila ukoo haipo. Ile tiba ya jeni (chembe za urithi) iliyopitishwa Marekani 2017 ni kwa jeni moja tu, inaitwa RPE65, na gharama yake hata tusiitaje. Kwa hivyo wale wa kuuza matone ya asali na mitishamba wanaopita majumbani wafukuzeni, wametula pesa za kutosha.

KlinikoOfisa_mstaafu
Nyongeza fupi. Mwenye sukari apimwe nyuma ya jicho kila mwaka hata kama anaona vizuri, ugonjwa ukianza hauna dalili. Wa aina ya pili aanze siku anayogunduliwa. Mjamzito mwenye sukari asikose. Seli mundu nayo inaharibu retina, na huku pwani tunao wengi. Watoto njiti pia wapimwe. Na mkienda, mtatiwa matone ya kupanua mboni, kwa saa kadhaa hamtaona karibu na jua litawaumiza, mtu asiende peke yake na pikipiki.

Kauthar_
Ahsanteni sana. Nimemsomea baba yote, amecheka hapo pa viatu. Amekubali, Jumanne inshallah

TuktukMsabaha
Mkiwa mnatokea Malindi niambie, nawapeleka stendi bure. Iwe mchana lakini 😂