Mjadala: Tope la Mto Sabaki, je, ni kosa la mkulima wa bara?

Mwenye mada: Mvua za vuli zikishanyesha Ukambani, bara ya Kenya, na kaskazi ikaanza kuvuma, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa mkondo huusukuma upande wa kusini udongo wote uliomwagwa na Sabaki. Wenye hoteli hulalamika, na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968 hunyimwa mwanga. Napendekeza kilimo kipigwe marufuku kabisa kandokando ya Athi, ambao ndio Sabaki wenyewe kabla haujabadilisha jina.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu yangu, mahali udongo unakotoka umepataja sawasawa, ila mkosaji ndiye ninayemtilia shaka. Wanasayansi walipima madini ya bariamu, ambayo huletwa na udongo wa mto, katika tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, wakakuta kwamba kiasi cha udongo karibu hakikubadilika tangu 1700 hadi 1900, kisha kikapanda mfululizo mpaka kilele cha 1974 hadi 1980, kilipofika mara tano hadi kumi ya hali ya asili. Mkamba hakuanza kulima mwaka 1900. Alichokipata wakati ule ni serikali ya kikoloni iliyombana kwenye rizavu, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, kisha ikamlaumu kwa mmomonyoko na kutaka kumpunguzia ng'ombe kwa nguvu, hadi Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, akawaongoza watu kwenda Nairobi mwaka 1938 kupinga. Nenda leo Machakos uangalie vilima vilivyokatwa matuta kutoka juu hadi chini: ni kazi ya majembe ya wakulima hao unaotaka wafukuzwe. Mimi ningeanza na malori yanayozoa mchanga wa mito ya msimu kwa ajili ya majumba ya mjini, kwa sababu mchanga ukiondoka, kingo huporomoka, na mvua inayofuata huzibeba.

Mchangiaji wa pili: Kuna jambo ambalo sisi wa Malindi hatupendi kulisema. Pale mdomoni mwa mto, mchu, aina ya mkoko, umeota juu ya tope jipya, na heroe hujilisha papo hapo maji yanapokupwa. Bwawa la Thwake, linalojengwa Makueni karibu na mahali mto Thwake unapokutana na Athi, litanasa sehemu ya udongo. Kabla ya kushangilia, tuwaulize wahandisi ni kiasi gani kitaachwa kipite, maana mikoko hiyo nayo inalishwa na tope tunalolilaani.