Sikukanunua, kametoka wapi? Kasamaki ka madoa ndani ya tangi

Mwenye Tangi, Nguba
Wandugu, hamjambo. Niko Bukavu, nina tangi la kioo la lita 200 sebuleni. Mwezi wa nne jamaa mmoja aliniletea samaki sita toka Uvira ndani ya bidoni, wale wa Tanganyika wanaolea mayai kinywani. Jike mmoja alifika taya limevimba, hali kitu. Nikajua ana watoto, nikamtenga. Asubuhi moja nakuta ametema kasamaki kamoja tu, tena kana masharubu! Watoto wake mwenyewe, hata mmoja.

Sasa kamefika urefu wa kidole cha mwisho. Madoa meusi, pezi la mgongoni jeusi lenye ukingo mweupe. Mchana kanajificha chini ya jiwe, usiku kanazunguka tangi zima. Mke wangu anasema tumelogwa. Ni samaki gani huyu?

Papa Kambale
Kambale huyo. Akikua uniite, fufu naleta mimi.

Dada wa Kadutu
Papa, kambale gani wa madoa hivyo? Tena pezi la mgongo la kambale ni refu, linakaribia mkia. La huyu ni fupi? Labda ni yule mnyonya-kioo wa Amerika Kusini.

Mwenye Tangi, Nguba
Fupi, dada, kama tanga la mtumbwi. Na kioo hagusi. Jana nilimchota kwa wavu nimpime, miiba ya ubavuni ikanasa kwenye nyuzi, akalia. Nawaapia, akalia! Krii, krii, kama mlango wa kabati. Ilibidi nikate wavu kwa mkasi.

Mtoto wa Uvira
Hapo umemaliza maneno. Ni gogogo, kitaalamu Synodontis. Anasugua mwiba wa ubavuni kwenye kiungo chake, ndiyo sauti hiyo. Siku nyingine mchote kwa bakuli.

Mtazame tumbo. Likiwa jeupe bila madoa, na jicho kubwa, ni Synodontis multipunctatus. Madoa yakishuka hadi tumboni, ni petricola au ndugu yake lucipinnis, ambaye amepewa jina lake mwaka 2006 tu. Ila kwa hadithi yako, mimi tayari najua. Jike wa kwenu anapotaga na kuokota mayai yake, multipunctatus wanapita mbio, wanayala, wanaacha ya kwao. Mama wa watu anaokota tu. Kifaranga wa gogogo anaanguliwa mapema, akimaliza kiini chake anawala wenzake mle mle mdomoni. Mjapani Tetsu Sato aliliandika jambo hili katika jarida la Nature mwaka 1986. Mwambie shemeji hakuna uchawi.

Papa Kambale
Anakula watoto wa mama aliyembeba, halafu si mchawi? Mtupe ziwani!

Mtoto wa Uvira
Papa, pale ni Kivu, yeye ni wa Tanganyika. Asitupwe. Mwekee mchanga laini na mapango ya mawe, atafika sentimita 15 hivi.

Mwenye Tangi, Nguba
Nimemmulika kwa tochi ya simu. Tumbo jeupe kabisa, jicho kama shanga. Na yule jike nimrudishe tangi moja naye?

Mtoto wa Uvira
Mrudishe. Gogogo wako bado mtoto, tena yuko peke yake. Taya likivimba tena, safari hiyo ni wa kwake kweli.