Ndoa yangu kumbe batili, matunzo naweza kudai?

mamatwins_arua: Jamani naomba ushauri, mume alinitolea mahari kwetu Arua, Uganda, ng'ombe na mbuzi, wazee wakashuhudia. Tuna mapacha. Sasa katuhama anasema mimi si mke wake kisheria maana alifunga ndoa kanisani zamani na mwingine huko Mbale na hawajaachana. Pesa ya posho hatumi, school fees nahangaika mwenyewe na biashara ya mitumba. Nina haki ama ndo basi?

kijana_wa_busia: Pole dada. Ila huyo anajishtaki mwenyewe lol, ukishafunga ndoa ya kanisani halafu ukaoa kimila ni jinai, hadi miaka 5 jela

wakili_mtaani: Ukweli ni kwamba hiyo ya kimila haisimami, kwa hiyo kudai matunzo kama mke itakusumbua, mwenye haki hiyo ni yule wa Mbale. LAKINI watoto ni kitu kingine kabisa, sheria ya watoto haiangalii cheti cha ndoa, baba lazima alishe na asomeshe mpaka wafike 18. Nenda kwa probesheni wa wilaya (afisa wa ustawi wa jamii) na vyeti vya kuzaliwa, barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), risiti za shule na meseji za mobile money za kipindi alichokuwa anatuma. FIDA, chama cha mawakili wanawake, nao wanasaidia bure.

mamatwins_arua: Na nyumba? Simenti nilinunua mimi

wakili_mtaani: Risiti unazo? Zitunze, mchango wako unaudai hata kama hukuwa mke