Huyu mhusika analipa nyumba na nini? Nimechoka na filamu za watu wasio na kodi

Wasee, naandika nikiwa bado na hasira, kwa hivyo anayetaka lugha ya kanisani apite.

Jumamosi nilimtoa mke wangu tukaenda kutazama filamu ya Kikenya. Jumba silitaji wala filamu siitaji, maana wenye makosa haya ni wengi. Tiketi mia saba kila mtu, bisi na soda zikala mia sita nyingine, na hapo nauli ya matatu bado. Mke wangu anauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi, huu ni mwaka wake wa kumi na moja. Filamu hii niliichagua makusudi kwa sababu tangazo lilisema mhusika mkuu ni msichana muuza mitumba wa Gikomba. Nikasema leo Mama Shiru atajiona kwenye kioo kikubwa.

Basi msichana anaamka. Jua limeshapanda, linapenya kwenye pazia jeupe. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Shiru, saa hii mabeli ya nguo yameshafunguliwa yakaisha." Msichana akapiga mswaki kwenye sinki la marumaru, akajitengenezea kahawa kwa mashine, akatoka kwenye roshani inayotazama mji mzima. Hiyo ni Kilimani au Kileleshwa, na kama hujui kodi za huko, uliza. Kisha akafika sokoni na gauni jeupe. Jeupe! Gikomba! Na mvua ilikuwa imenyesha, matope yanaonekana hapo nyuma yake. Akakata beli, yaani akalifungua, saa sita mchana, na nguo zikatoka zimenyooka kama zimetoka kwa dobi.

Mke wangu alicheka mpaka watu wa mbele wakageuka. "Huyu hata kamera haijui," akasema, na jamaa mmoja akadhani anakosoa mpiga picha. (Kwa wasiojua soko: kamera ni zile nguo za daraja la kwanza, zinazonyakuliwa beli ikifunguliwa tu. Watu huzipigania alfajiri kukiwa bado na giza.)

Dakika tisini zilizobaki zilikuwa za mapenzi. Sikuona mtu akihesabu pesa hata mara moja. Hakuna aliyenunua tokeni za stima. Hakuna aliyesikia mlango ukigongwa tarehe tano na keateka wa ploti akidai kodi.

Nikaenda kuandika haya kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, wakaniruka. Ati napiga vita filamu za kwetu. Ati niunge wasanii mkono. Mkono gani tena? Pesa si nimetoa? Kama nimelipa na siruhusiwi kusema chakula kina mawe, basi hiyo ni sadaka, niambiwe mapema nibebe bahasha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi sina ubaguzi wa aina za filamu. Natazama za kutisha, za ngumi, za Kihindi, za anga za mbali, za kulia. Kipimo changu ni kimoja: huyu mtu analipa nyumba na nini? Sisemi kila filamu iwe ya shida. Nasema mtu akishakuwa na kodi, kila anachofanya kinakuwa na uzito, hata kumbusu mtu.

Chukueni ya kale kabisa, Ladri di biciclette, ya Mwitaliano Vittorio De Sica, ya 1948. Baba amepata kazi ya kubandika mabango, lakini lazima awe na baiskeli, na baiskeli imewekwa rehani. Mkewe anatoa shuka kitandani, anazifunga, wanazipeleka rehani ili kuikomboa baiskeli. Halafu unaona mhudumu akipanda rafu na kile kifurushi chao, juu, juu zaidi, na rafu zote zimejaa vifurushi vya shuka za watu wengine. Mimi nilisimamisha filamu hapo nikaenda kunywa maji. Hakuna aliyelia, hakuna muziki wa kukuamrisha ulie. Ni shuka tu. Kwa hivyo baiskeli ikiibiwa, unahisi ni yako.

Mtasema hizo ni za huzuni, ndiyo maana. Haya, tuje kwa mashujaa. Nyingi za siku hizi sizitazami, ni majengo yakianguka saa mbili nzima. Lakini Spider-Man 2 ya 2004 nimeiona mara sita. Kijana anaokoa mji mzima na bado anafutwa kazi ya kupeleka piza kwa kuchelewa, na akirudi chumbani mwenye nyumba anamsubiri mlangoni anadai kodi. Huyo namjua! Huyo anaishi ploti ya jirani!

Za kutisha ndizo zinaniudhi kuliko zote. Familia inahamia nyumba, usiku milango inajifunga, mtoto anaongea na ukuta, na wao wamo tu. Kwa nini hawahami? Mtu wa Nairobi angekupa jibu kabla hujamaliza kuuliza: dipoziti. Umelipa dipoziti na kodi ya mwezi, umelipa wa kubeba viti, sasa uhame kwa sababu ya jini? Jini nalo litazoea. Sentensi moja tu ya hivyo ingeniweka kitini, lakini hawaiandiki. Alien ya 1979 waliiandika. Kabla ya yule mdudu kutokea, mafundi wawili wa chombo cha anga wananung'unika kwamba mgao wao wa bonasi ni mdogo kuliko wa wengine, na wanapokataa kwenda kuchunguza ishara waliyoinasa angani wanaambiwa mkataba unasema watapoteza mgao wote. Basi wanakwenda. Wanakufa kwa sababu ya mkataba. Hiyo ndiyo hofu, mdudu ni nyongeza.

Za Kihindi, msinicheke, nimelelewa nazo. Mzee wangu alikuwa akiweka kanda ya Deewaar, ya 1975, kila akipata mapumziko. Kuna mtoto anang'arisha viatu barabarani, mteja anamtupia pesa chini, naye anakataa kuziokota, anataka apewe mkononi. Hata kabla hajakua akawa Amitabh Bachchan, umeshajua ni mtu wa aina gani. Za Kinaijeria sina neno nazo: nusu saa geti linafunguliwa gari liingie, lakini angalau tunaambiwa baba ni Chifu na ana visima vya mafuta.

Na za ngumi? Nilipokuwa mdogo Kayole tulikuwa tunalipa shilingi kumi kwenye kibanda cha video. Kulikuwa na mzee mmoja wa mkokoteni wa maji, anakaa benchi la nyuma na mitungi yake iko nje. Kila shujaa akikimbizwa sokoni akaangusha vibanda vya matunda, sisi tunashangilia, yeye anauliza kwa sauti, "Na hiyo hasara ni ya nani?" Tulimwona mshamba. Leo siwezi kutazama tukio la kufukuzana bila kumtafuta yule mama wa maembe.

Na msiniambie Wakenya hawawezi. Nairobi Half Life ya 2012: Mwas anashuka mjini na siku hiyo hiyo anaporwa kila kitu, baadaye anaingia kwenye genge la kuiba vipuri vya magari. Kila hatua ina bei yake. Rafiki ya 2018, baba wa Kena, mhusika mkuu, ana kiduka na anagombea kiti, na hicho kiduka unakiamini. Ile ikapigwa marufuku, mahakama ikaifungulia siku 7 tu Septemba ile, na mimi nilikuwa kwenye foleni. Foleni, wasee, ya filamu yetu, watu wamesimama. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba watazamaji hawapo.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimesoma majibu yenu. Mnaosema "bajeti ni ndogo" ndio mmenimaliza kabisa. Bajeti ikiwa ndogo ndiyo unakodi nyumba ya Kilimani na mashine ya kahawa? Njooni Umoja, bedsita yangu nawapa bure siku mbili, ina mtungi wa gesi wa kilo sita, ina mitungi ya maji, ina ukuta uliochubuka vizuri sana kwa kamera. Mke wangu atawafundisha kukata beli. Saa kumi na moja alfajiri, na msije na nguo nyeupe.

Na aliyeuliza kama tulitoka katikati: hapana. Tulikuwa tumelipa.