Kerneli mpya inagoma kufungua diski, na ext4 ipo

Swali (Ujiji, Kigoma): Wakuu, nimejenga kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, bila initramfs (mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye RAM kabla ya diski kufunguliwa). Ikiwaka inakwama: "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(8,2)". ext4 (mfumo wa faili wa diski yangu) nimeiweka M (moduli, kipande cha kerneli kinachopakiwa baadaye). Nimekosea wapi?

Jibu: Hiyo M ndiyo mchawi. Moduli zinakaa /lib/modules, yaani ndani ya diski ileile ambayo kerneli bado haijui kuisoma. 8,2 ni sda2 (sehemu ya pili ya diski ya kwanza), kwa hiyo diski imeonekana. Ingekuwa 0,0 ningeshuku kwanza dreva ya diski. Rudi make menuconfig (menyu ya mipangilio ya kerneli), File systems, weka CONFIG_EXT4_FS=y, yaani ext4 ijengwe ndani ya kerneli yenyewe. Kisha make, make modules_install, make install.

Jibu (Tabora): Naongezea kuhusu flashi. Pamoja na CONFIG_VFAT_FS (mfumo wa faili wa FAT) weka NLS_CODEPAGE_437 na NLS_ISO8859_1 (majedwali ya herufi za majina ya faili), la sivyo kwa kawaida mount itakataa. Mifumo mingine ya faili: exFAT imo tangu kerneli 5.7, NTFS3 tangu 5.15, hizo M inatosha. Kerneli ya zamani usiifute kwenye GRUB (menyu ya kuchagua kerneli wakati wa kuwasha), umeme wenyewe unaujua.

Muuliza: Imewaka. Shukrani wakuu.