Mdogo wangu anakimbia kila wikiendi kufuata bahasha za zawadi. Nimzuie?

Mkulima_Karatu: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 21, yuko Arusha anafanya mazoezi, wamepanga geto wanne huko Sakina. Tangu mwaka uanze kashakimbia mbio saba. Leo kilomita 21, wiki ijayo 10, halafu 21 tena. Akipata laki tano anatuma laki na nusu nyumbani. Mabati ya jiko la mama ni hela yake. Juzi kaja nyumbani anachechemea. Kocha kamwambia achague, bahasha za wikiendi au marathon. Nilipomuuliza akanijibu, "Kaka, kocha halipi kodi yangu." Nikakosa la kusema.

Chuma_Ulete: Mwache apambane bwana. Hela ya leo ni ya leo.

Mzee_wa_Lami: Chuma, wewe hujawahi kukimbia hata kufukuzia daladala.

Mkulima, mimi nimekimbia miaka tisa, sasa nauza mbolea. Kwanza uliza anachechemea nini. Kama ni kisigino au goti, sawa, tutaongea. Kama ni muundi, abonyeze kwa kidole gumba. Pakiuma sehemu moja tu, padogo kama sarafu, huenda ni mfupa unaanza kupasuka. Mimi nilijua, nikachua dawa, nikafunga bandeji, nikaingia barabarani kwa ajili ya laki tatu za mshindi wa tatu. Kilomita ya nane nikasikia ta! Laki tatu sikuziona, na POP, ile plasta ya mguu, nililipa mwenyewe.

Sasa hizo hela kubwa anazoziota. Aprili 2025 Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathon, alikuwa wa pili Boston Marathon, zawadi dola 75,000. Watu vijiweni wakapiga hesabu ya shilingi wakachanganyikiwa. Lakini Marekani mgeni anakatwa kodi asilimia 30, hapo 22,500 zimeondoka. Meneja kwa kawaida anachukua 15, hiyo ni 11,250. Inabaki kama 41,250, na hujamtaja kocha. Tena hulipwi siku hiyo, unasubiri kwanza majibu ya vipimo vya dawa. Bahasha ya huku unakabidhiwa ukiwa bado na jasho. Ndiyo maana vijana wanaipenda, na mimi siwacheki.

Septemba mwaka huohuo Simbu akachukua dhahabu ya dunia Tokyo, 2:09:48, yeye na Petros wa Ujerumani muda mmoja, wakatenganishwa kwa picha, sekunde 0.03. Shaba yake ya dunia ilikuwa London 2017. Hesabu hiyo miaka. Na watu wanasahau kwamba yule ni askari wa JWTZ, mshahara unaingia mwisho wa mwezi akimbie asikimbie. Mtu wa namna hiyo anaweza kuchagua mbio mbili kwa mwaka. Mdogo wako hawezi, na kumwambia "acha" bila kumpa kitu ni kumtukana.

Kwa hiyo swali ni lako wewe. Kodi yake ni shilingi ngapi?

Mkulima_Karatu: Geto ni elfu 80, yeye anatoa 20. Chakula wanachangishana, ugali, maharage na maziwa, anasema elfu 35 kwa wiki.

Mzee_wa_Lami: Basi miezi sita haifiki hata milioni moja na laki mbili. Una vitunguu shambani?

Mkulima_Karatu: Ninavyo, navuna mwezi ujao. Ila mama ndiye tatizo, ameshazoea ile laki na nusu.

Chuma_Ulete: Mama mwambie ukweli, mkuu. Nimesoma habari ya muundi nikashika wangu.

Mkulima_Karatu: Nimempigia sasa hivi. Ni muundi, mguu wa kulia. Kabonyeza nikiwa kwenye simu, nikamsikia anavuta pumzi. Na Jumapili kajiandikisha Moshi, nauli keshalipa.

Mzee_wa_Lami: Mrudishie hiyo nauli usiku huu huu. Asipande basi.