Bolti za Land Rover ya 1966: fundi kaweka za milimita, nifanyeje?

Mrithi_wa_IIA: Wakuu habari. Nafufua Series IIA ya marehemu baba, nataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Fundi alifungua giaboksi, bolti za zamani akaona zina kutu akaziweka pembeni, akafunga mpya za M8 (unene milimita 8) zimeandikwa 8.8, yaani daraja la nguvu ya chuma. Moja iliingia mizunguko miwili ikagoma, akachomeka bomba kwenye spana akalazimisha, nilipoitoa uzi wa tundu umejisokota kwenye meno kama springi. Imeniuma sana. Bolti sahihi ni zipi? Na za stainless kwenye bodi vipi?

Spana_Kumi: Pole sana mkuu. Bolti zako za asili ni za inchi, na inchi 5/16 ni milimita 7.94 ndo maana M8 inadanganya mkono. Gari yako ni ya kipindi Muingereza anahama kutoka BSF (uzi wake wa zamani wa inchi) kwenda UNF (uzi wa inchi wa pamoja na Wamarekani) kwahiyo zote zimo, giaboksi na difu nyingi BSF, injini na bodi nyingi UNF. Kwa saizi hiyo BSF ina meno 22 kwa inchi na UNF 24, tena pembe ya jino ni digrii 55 na 60, haziingiliani kabisa. UNF zao mara nyingi zina kiduara kimebonyea kichwani. Kama huna geji ya kupimia meno, chukua bolti unayoijua ilaze jino kwa jino na usiyoijua, inua juani, mwanga ukipenya katikati ujue sio.

Mama_Chesi: Stainless achana nazo jamani, ile bodi ni alumini, ukiwa pwani chumvi ikiingia katikati alumini ndo inaliwa, utaona unga mweupe pembeni ya kila bolti. Weka za zinki, hata kiwandani hazikuwa za kung'aa. Na kwenye stelingi na breki usithubutu, A2-70, daraja la kawaida la stainless, ni dhaifu kuliko 8.8.

Spana_Kumi: Zile za zamani usitupe hata moja. Za kawaida loweka kwenye siki usiku kucha, sugua, pitisha mafuta. Za nguvu tumia brashi ya waya tu, asidi inazifanya zikatike ghafla.

Mrithi_wa_IIA: Asanteni sana. Nimerudi gereji usiku huu na tochi, nimezikuta kwenye kopo la maziwa chini ya benchi, 17. Nimeshaziloweka.